Ufunguo Nilioutoa kwa Mikono Miwili

Mpendwa Tata,

Shangazi wa Bilele ametuambia kwamba barua za mahabusu hazifungwi. Ukiipeleka imebandikwa gundi, askari wa getini anaichana mbele yako, anaisoma, ndipo anaamua kama itakufikia. Kwa hiyo naandika nikijua kuwa kabla macho yako hayajafika kwenye mstari huu, macho ya mtu mwingine yatakuwa yametangulia. Jambo hilo liliniachisha kalamu siku tatu. Wewe ni baba yangu, unanijua. Mimi ni yule ambaye mwalimu akiuliza swali ninalolijua nasimama, nashika ukingo wa dawati, na jibu linakaa kooni mpaka mwenzangu analisema yeye na kupigiwa makofi.

Siku ya nne nimeamka nikawaza: labda ndivyo inavyotakiwa, isomwe.

Naandika kwa Kiswahili cha shule. Kwa Kihaya nisingeweza, maana kwa Kihaya napiga magoti hata kwenye karatasi. Na Kiingereza chetu ni cha kujibia mitihani tu. Sijamwona mtu wa kwetu aliyeomba msamaha kwa Kiingereza akaeleweka.

Nianze na siku tuliyokuwa na furaha, ndiyo rahisi.

Ulikuwa umepewa pikipiki ya idara, ile nyekundu, pamoja na barua yenye mhuri iliyosema kwamba chombo ni mali ya umma na wewe ndiye mlinzi wake. Ulimsomea Mama barua ile mara mbili. Miaka yote ulikuwa Bwana Shamba wa baiskeli, unaisukuma milimani kuliko unavyoipanda, na ukifika kwenye kibanja cha mtu kukagua mibuni yake watu wanakupa maji kwanza ndipo salamu. Sasa walikupa na kibali cha kununua vifaa Bukoba mjini: helmeti moja, mnyororo mmoja, kufuli moja. Shule ilikuwa imefungwa. Ukasema, "Koku, twende. Maandishi ya kwenye maboksi ni ya Kiingereza, nitahitaji msomi."

Tulilala Bilele kwa Shangazi, na asubuhi tukawa wa kwanza mlangoni kwa yule mzee wa Kihindi anayesema Kihaya kama aliyezaliwa Maruku. Rafu zilikuwa nusu tupu, siku zile kila duka lilikuwa hivyo, lakini juu kabisa zilikaa helmeti tatu na vumbi lao. Mzee akapanda ngazi akazishusha moja moja.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyepesi, wazi usoni.

"Chukua hii, Bwana Shamba, utasikia upepo."

"Nikitaka upepo nitavaa kofia ya ukindu."

Ya pili ilikuwa nyeupe, nzuri kweli, lakini ulivuta mkanda wake wa kidevuni ukaona umeshonwa upya kwa uzi wa kawaida. Ukairudisha bila neno. Ya tatu ilikuwa ya njano, inafunika kichwa chote mpaka kidevu, na ina kioo cheusi cha kushusha machoni. Ukaivaa, ukafunga mkanda, ukatikisa kichwa kulia na kushoto kwa nguvu.

"Unakataa nini?" mzee akauliza.

"Naangalia kama inacheza. Helmeti ikicheza kichwani hiyo si helmeti, ni sufuria."

"Haiwezi kucheza. Nyinyi Wahaya maringo yenu yanajaza nafasi yote."

"Basi huna kubwa zaidi? Nyumbani nina mke, naye ana maringo yake."

Mlicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nyuma ya gunia la chumvi, nacheka kimya kimya, mkono mdomoni. Ukanipa boksi nisome. Nikasoma kimoyomoyo, kisha nikakunong'oneza: wanasema ikianguka kwa nguvu hata mara moja isivaliwe tena, hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu imeshavunjika ndani.

"Kama jina la mtu," ukasema. Nilidhani ni mzaha tu.

Halafu ukaweka ile nyeusi na ile ya njano juu ya meza, ukasimama pembeni. "Chagua wewe. Mimi nitakuwa ndani, sitaiona. Wewe ndiye utakayeiona."

Tata, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nichague kitu mbele ya watu. Niliinua kidevu tu kuelekea ile ya njano. Sikukwambia kwa nini, nakwambia sasa. Niliwaza ile kona ya chini kanisani, mahali ambapo barabara inaingia kwenye migomba halafu inatokea tena. Nilitaka ukitokea pale nikujue kutoka mbali, kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Na hii," mzee akasema akiifuta vumbi, "ndizi zote za Muleba zitadhani mwenzao anapita."

Mnyororo ulikuchukua muda zaidi. Uliupitisha pete moja moja kati ya vidole kama rozari, ukitafuta pale zilipoungwa. Ukaniita nishike na mimi. "Mwizi mjinga anakata katikati. Mwizi mwenye akili anatafuta kiungo." Ukataka mrefu wa kuzunguka gurudumu na fremu na nguzo pamoja, kwa sababu pikipiki iliyofungwa peke yake watu wanaibeba na mnyororo wake kama mbuzi. Na kufuli ukakataa yale madogo yote. "Hayo ni ya masanduku ya nguo." Ukachagua lile zito la shaba, ukalifunga na kulifungua mara nyingi sikio limelala juu yake. "Hili mwizi akilikuta atakaa chini apumzike, aende zake."

Funguo zake zilikuwa mbili. Mmoja ukauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Wa pili ukauning'iniza nyuma ya mlango wetu, kwenye msumari wa kalenda, ukanionyesha jinsi ya kuuweka: meno yaangalie ukuta. "Ukiyakuta yanaangalia mlango, ujue umepita mkono mwingine."

Naandika haya yote, Tata, nione kama kuna kitu tulichosahau kununua siku ile. Sikioni. Tulichagua vizuri.

Mvua ilitukuta Kemondo tukirudi. Ukasimama, ukaivua helmeti ukanivalisha mimi. "Kichwa chako kina vitabu, changu kina mbolea." Ukaendesha umefumba jicho moja, maji yanakutiririka usoni, na mimi nyuma yako nimeingia ndani ya ile njano. Kulikuwa na harufu ya sponji mpya. Dunia ilikuwa mbali. Watu waliokimbilia chini ya migomba walitutazama, na kwa mara ya kwanza maishani sikuinamisha macho, kwa sababu hawakuniona. Nikaanza kuimba. Niliimba kwa nguvu, injini ikinguruma, nikijua hakuna anayesikia. Kumbe ulipofika mteremko ukazima injini kubana petroli, kama kawaida yako, na mimi sikujua. Sauti yangu ikamwagika barabara nzima.

"Kumbe una sauti!" ukapaza. Ulicheka mpaka chini.

Nilinyamaza mpaka nyumbani. Lakini nilikuwa na furaha. Hilo nalo sikuwahi kukwambia.

Sasa niseme lile.

Ilikuwa likizo iliyofuata. Asubuhi ulishuka bondeni kwa miguu kwenda shamba jipya la kijiji, kule pikipiki isikofika, kuangalia mibuni iliyoanza kukauka. Ulikwenda peke yako. Pikipiki uliifunga kwenye nguzo ya baraza, mnyororo umezunguka gurudumu, fremu na nguzo, kama siku zote. Mama alikuwa kwenye zamu ya kazi za kijiji. Mimi nilikuwa namenya ndizi za mchana, wingu jeusi likipanda kutoka ziwani.

Nikasikia salamu. Kihaya safi, sauti ya mtu mzima. Ulinilea vizuri, Tata, wewe na Mama. Niliweka kisu chini, nikafuta mikono kwenye kanga, nikapiga magoti, nikainamisha macho, nikamwambia, "Nyegera, waitu." Akaitika vizuri. Akauliza habari za Mama kwa jina, za bibi yangu mgonjwa, za masomo yangu. Nilijibu yote nikitazama chini. Niliingia ndani nikamletea hata kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu cha wageni. Alichukua mbili, akatafuna.

Akasema: "Mwanangu, Tata wako ametokea upande wa pili wa bonde, yuko barabarani, amechoka, na mvua ndiyo hiyo. Ameniagiza nimpelekee pikipiki. Na helmeti, asilowe kichwa."

Sikumuuliza jina. Unamuulizaje mtu mzima jina lake, naye amekusalimia kama mwanawe? Shuleni tungeulizana. Kwetu, ukiwa umepiga magoti, unauliza kitu gani?

Nilikwenda nyuma ya mlango nikautoa ufunguo. Nilimpa kwa mikono miwili, Tata. Kama tunavyopewa sakramenti. Kisha nikamletea helmeti, nayo kwa mikono miwili.

Alifungua kufuli. Sikusikia haraka yoyote. Alikunja mnyororo vizuri, akauweka kando ya nguzo, kufuli juu yake. Halafu akanirudishia ufunguo mkononi. "Urudishe mahali pake. Tata wako hapendi vitu kutupwa ovyo."

Ni kweli. Hupendi. Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilifikiri ni wewe tu na sisi tunaolijua. Nikamshukuru. Nikasikia pikipiki ikiwaka, na nilipoinua macho palikuwa na mgongo na ile njano, inashuka kuelekea kona ya kanisani. Ikaingia kwenye migomba, ikatokea. Nikaitazama kama ninavyokutazama wewe.

Na mimi huyo nikarudi kumenya ndizi.

Ulirudi jioni, kwa miguu, kutoka bondeni, umelowa chapachapa. Ulisema mvua ilikukuta shambani ukajibanza kwenye kibanda cha mlinzi mpaka ikatike, na mlinzi hakuwepo. Ulisimama mbele ya nguzo. Uliutazama mnyororo uliokunjwa. Mimi nilikuwa mlangoni, na nilikuwa nimeshaelewa, nikashika ukingo wa mlango kama ninavyoshika wa dawati.

Kesho yake walikuja: balozi wa nyumba kumi, mgambo wawili, na askari kutoka Muleba mwenye daftari. Majirani walijaa uani. Askari akaninyooshea kalamu.

"Binti, jana ulikuwa nyumbani?"

Nilipiga magoti. "Ndiyo."

"Nani alikuja kuchukua pikipiki?"

"Sijui."

Hapo sikusema uongo. Simjui. Nilitaka kuendelea, kwamba simjui lakini alikuja, nilimpa kahawa, nilimpa ufunguo. Maneno yalikuwa pale pale. Lakini uani palikuwa na watu kama mnadani, na wote walinitazama mimi.

"Basi kuna mtu alifika hapa?"

"Sijui."

Watu wakacheka. Mama Justina, jirani yetu, akasema kwa sauti, "Msomi wa sekondari! Hajui hata kama kwao aliingia mgeni!" Mwingine akadakia, "Wanafundishwa mambo ya Ulaya, ya uani hayamo." Kila kicheko kiliniinamisha zaidi. Nilitazama chungu wawili waliokuwa wanaburuta ganda la ndizi.

Askari akaingia nyuma ya mlango na wewe. Nikakuona unatazama msumari. Uliutazama ufunguo kwa kitambo, Tata, halafu ukanitazama mimi. Meno yalikuwa yanaangalia mlango. Mimi ndiye niliyeurudisha, kwa haraka ya kurudi kumenya ndizi, na nikauweka vibaya.

Ulijua. Naamini ulijua palepale.

"Kufuli halikuvunjwa," askari akasema. "Limefunguliwa kwa ufunguo. Ufunguo mmoja shingoni kwako, mwingine uko hapa. Binti yako anasema nini?"

Ukasema, "Mwacheni mtoto. Ufunguo ni wangu."

Akaandika. Nilisikia kalamu. Ulisema hivyo kunifunika mimi, na yeye akaandika kama vile umekiri.

Siku ile mahakamani Muleba tulikaa benchi la nyuma, mimi na Mama. Helmeti ilikuwa juu ya meza, imefungwa kikaratasi chenye namba. Watoto waliiokota kwenye kinamasi cha mafunjo, chini ya barabara ya Biharamulo. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu upande mmoja. Imeanguka kwa nguvu, nikawaza, haifai tena kuvaliwa. Nilikuwa nawaza mambo ya boksi la duka huku wewe umesimama kizimbani bila mkanda na bila kamba za viatu.

Mzee Rwegasira, yule tunayemuuzia ndizi za kuiva, aliapa kwa Biblia kwamba alikuona. Na si mtu mbaya, Tata. Alikuwa analia.

"Ulimwona uso?" hakimu akauliza.

"Uso sikuuona, mheshimiwa. Kioo kilikuwa kimeshushwa. Lakini niliona njano. Tarafa nzima njano ni moja tu. Nikampungia mkono, naye akanipungia. Bwana Shamba hapiti bila kunipungia."

"Huenda ni mtu mwingine aliyevaa."

"Mheshimiwa, ile ni ya kwake. Binti yake ndiye aliyeichagua, Bwana Shamba mwenyewe alitusimulia kwenye pombe ya rubisi. Alijisifu sana."

Ulikuwa umejisifu. Sikujua. Ulikaa na wenzako mkinywa rubisi ukawaambia kwamba binti yako, yule asiyesema, ndiye aliyechagua. Nililijua jambo hilo mahakamani, kwa mdomo wa shahidi dhidi yako.

Mwendesha mashtaka akasema umeiuza, itakuwa imeshavuka mpaka wa Mutukula, halafu ukatembea kurudi nyumbani na hadithi ya mvua. Akasema kuna watumishi wanaopewa dhamana na umma wakageuka kupe. Hakimu akaahirisha.

Tangu hapo, kisimani watoto wanaimba "binti kupe, binti kupe" nikiinama kuchota. Shule imefunguliwa, sijakwenda. Mama anasema hana nguvu ya kubaki peke yake, na mimi sina uso wa kusimama mstarini asubuhi nikiimba kuhusu kulinda mali ya nchi. Nakaa barazani karibu na ile nguzo. Mnyororo waliuchukua ukawa kielelezo, lakini mahali ulipokuwa unasugua mti pamebaki alama, imezunguka nguzo kama bangili. Kila nikipita mkono wangu unaigusa wenyewe.

Nilimwambia Mama. Ilikuwa asubuhi, tunamenya. Nilimwambia yote, magoti, kahawa, ufunguo. Kisu chake kikasimama katikati ya ndizi. Utomvu ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Usimwambie. Watasema mlipanga, wewe na baba yako. Watakuchukua na wewe." Akaendelea kumenya. "Mmoja ndani anatosha, Koku. Mimi siwezi kupeleka chakula milango miwili."

Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Analala na viatu vyako chini ya kitanda, upande wako.

Halafu Shangazi akanileta kukuona. Unakumbuka tulivyosimama, waya katikati, na watu wengine ishirini wanapiga kelele kila mmoja kwa mtu wake. Niliapa njia nzima kutoka Bilele kwamba nitasema. Wewe ukatangulia. Ukauliza kama nimeshalipia madaftari ya muhula mpya. Ukauliza kama mbuni wa pembeni ya choo umechanua. Nikafungua mdomo, ukaniangalia, ukatikisa kichwa kulia na kushoto, polepole, kama siku ile dukani ulipokuwa unajaribu helmeti.

Unakataa nini, Tata?

Nimelifikiria hilo kuliko kitu chochote. Unakataa mimi kusema. Umeshachagua, kama ulivyonivalisha ile njano kwenye mvua ukabaki wazi wewe. Nami nimekaa humo ndani tangu siku ile. Kuna joto humu, na harufu yangu mwenyewe. Hakuna anayeniona na hakuna kinachonifikia, lakini sioni mahali pa kuvulia.

Shangazi anasema Jumatatu ijayo wanamaliza kesi. Kwa hiyo nisamehe. Nakuvunjia hilo ulilolichagua.

Na wewe bwana askari wa getini, shikamoo. Najua umefika hapa, maana ulitakiwa kusoma yote. Sijui jina lako na sitakuona uso, lakini wewe ndiye mtu wa kwanza wa serikali ninayemwambia. Usiichane. Mpe mkubwa wako kwanza, halafu Tata. Uso wa mtu yule siujui, kwa sababu nilimheshimu. Lakini nilipiga magoti mbele yake muda mrefu, na miguu yake naijua kuliko ninavyojua ya ndugu zangu. Alivaa viatu vya matairi. Cha kushoto kamba ya nyuma ilikatika, imeungwa kwa waya wa shaba uliosokotwa mara tatu. Na mguu wa kulia, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Mtu hawezi kukishusha kidole cha hivyo. Amezaliwa nacho, atazikwa nacho. Pia anamjua Mama kwa jina, anajua bibi anaumwa, anajua Tata hapendi vitu kutupwa ovyo. Huyo si mtu wa kutoka mbali. Kwenye kijiji chetu na jirani zake, itazameni miguu.

Jumatatu nitakuja na Shangazi. Mama nimemwambia asubuhi hii. Aliacha chai yake, akaenda akaichukua ile kanga yake ya Pasaka akaiweka juu ya kitanda changu. Nitaomba kusimama. Sitapiga magoti. Sijui kama sauti itatoka. Nimejaribu kule bondeni, kwenye kibanda cha mlinzi ulikojibanza, nikaongea peke yangu na mibuni. Ilitoka. Ilitoka kubwa, kama ile siku ya mteremko ulipozima injini. Ikikwama mahakamani, Tata, usitikise kichwa. Cheka tu, kama ulivyocheka siku ile, nikusikie.

Mbuni wa pembeni ya choo umechanua. Mweupe wote.

Ufunguo ungali kwenye msumari. Walisahau kuuchukua pamoja na mnyororo. Meno bado yanaangalia mlango, nimekataza mtu kuugusa. Ukirudi utaugeuza mwenyewe.

Binti yako,
niliyekuchagulia njano.